Masomo mtandaoni "bure" yamenipa sapu, na bando langu limeisha

Wakuu habari za muda huu, mnivumilie, uzi utakuwa mrefu maana nina hasira na naandika kwa simu.

Mnaujua huu mpango wa taifa wa kusomesha wanachuo kwa mtandao, ule unaosifiwa kila mtu akishika maiki. Mimi nilikuwa mtetezi wake namba moja, darasani nilikuwa nabishana na watu, nawaambia acheni uzembe dunia imeshahama. Leo nimefungua matokeo nimekutana na sapu (mtihani wa marudio) kwenye kozi ambayo ukiniamsha usiku wa manane nakufundisha bila daftari.

Iko hivi. Kozi tatu za muhula huu zimehamishiwa kwenye mfumo wa mpango, hakuna kuonana na mhadhiri, utake usitake. Tukaambiwa msihofu, ukiingia tovuti ya masomo bando haliguswi, mitandao ya simu imeshakubali. Sawa. Wiki ya kwanza nimeweka bando, saa mbili tu limekata, nikajua simu imeingia virusi. Nikampa jamaa yangu anayesoma kompyuta aniangalizie, alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe kilichofanywa bure ni anwani ya tovuti tu, yaani ukurasa wenye majina ya kozi, matangazo na tarehe za kukusanya kazi. Video zenyewe hazikai pale, zimepandishwa YouTube halafu zikabandikwa kwenye ukurasa, ukibonyeza tu data inavutwa kutoka YouTube na unakatwa kama mtu anayeangalia vichekesho. Kipindi cha moja kwa moja kiko Zoom, nako hivyo hivyo. Geti bure, kukaa ndani unalipia!

Na hizo MB siyo za mchezo. Kipindi cha Zoom cha kundi chenye video nzuri kinaweza kula GB moja kwa saa na kupita. Sauti peke yake, hata ukiipa kilobiti 60 kwa sekunde, piga hesabu mwenyewe, ni MB 27 kwa saa nzima. Sasa mhadhiri wetu anasoma slaidi. ANASOMA SLAIDI. Sura yake ya nini jamani (na kwa anavyokaa saa moja asubuhi nadhani hata yeye hapendi kuonekana). Mara tatu CR (kiongozi wa darasa) ameomba tupewe sauti na PDF pembeni, jibu ni kwamba mpango unataka video.

Haya, mtihani sasa. Programu ya kusimamia mtihani haifunguki kwenye simu, inataka kompyuta yenye kamera, nikaazima. Inakufungia kila kitu, inakurekodi, ukigeuza shingo inakuandikia alama ya kukutilia shaka. Dakika ya 20 ikaniambia haioni uso wangu, niongeze mwanga. Nikawasha taa, nikahamia dirishani, nikataka kuwasha tochi ya simu nikakumbuka simu yenyewe ni kosa. Kuna utafiti wa 2018 wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru, walipima programu za kampuni kubwa zinazotambua jinsia kwa kuangalia sura, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi kuna iliyokosea hadi asilimia 34.7, kwa wanaume weupe hakuna iliyofika hata asilimia 1. Sisemi ndiyo hii yetu, nauliza tu kabla ya kuinunua kuna mtu aliijaribu kwa sura kama yangu?

Wakati nahangaika na mwanga mtandao ukakata, dakika kama sita hivi. Kurudi nakuta imeandikwa nimejiondoa mwenyewe kwenye mtihani. Mwenyewe! Nilikuwa swali la 14 kati ya 40. Nikaandika malalamiko, likaja jibu la mashine kwamba nihakikishe nina intaneti imara. Asante sana, sikulijua hilo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kila wakitoa taarifa wanahesabu waliosajiliwa. Kozi ya akili bandia ya Stanford ya 2011, ile iliyowasha moto wa haya mambo duniani, ilisajili watu kama 160,000 na waliofika mwisho walikuwa elfu ishirini na kitu, na wale walijiunga kwa kupenda, ukichoka unafunga kompyuta unaenda zako. Sisi tumesajiliwa na chuo, ukichoka unadisko (unaondolewa chuo). Kwa hiyo namba lazima ipendeze.

Wala sisemi turudi kwenye chaki. Hamisheni video ziingie kwenye seva ile ile iliyofanywa bure, wekeni sauti, na mtihani tufanyie maabara ya chuo, kompyuta zipo pale zimefunikwa vitambaa tangu tulipopelekwa mtandaoni.

Na wale wa "nunua bando acha kulialia" nawaona mnakuja, pita kushoto.

Swali langu kwa waliowahi kupitia haya: kuna aliyekata rufaa kwa sababu ya mtandao kukata akasikilizwa? Aliambatanisha nini, picha ya skrini inatosha au wanataka barua ya kampuni ya simu? Mwisho wa kupeleka ni Ijumaa na picha niliyonayo ni moja tu, tena imekata saa.