Mkopo wa Bodi: baba hana cheti cha kifo, mama yuko TASAF, majina yana kasoro. Tuanze na kipi?

Mjomba wa Nzega

Habari zenu wakuu. Naomba mwongozo kwa wanaoujua vizuri utaratibu wa Bodi ya Mikopo (HESLB).

Kijana amemaliza kidato cha sita, tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), na anaomba shahada mwaka huu. Baba yake alifia nyumbani kijijini, hakupelekwa hospitali, na cheti cha kifo hakikuwahi kutolewa. Mama ni mnufaika wa TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini. Kidato cha kwanza hadi cha nne kijana alisoma shule binafsi, ada yote ikilipwa na taasisi ya dini. Cheti cha kuzaliwa anacho, ila jina limeandikwa Ramadhani na vyeti vya NECTA (Baraza la Mitihani) vinasema Ramadhan.

Nataka kujua mambo matatu. Kipi kianze ili dirisha la maombi lisifungwe tukiwa bado tunahangaika? Ile shule binafsi itamponza? Na akipewa mkopo nusu, ada inayobaki inashughulikiwaje? Mwenye kujua asinifupishie, nitasoma yote.

Dawati la Pili

Poleni kwa msiba, mkuu. Kijana wa namna hii ndiye hasa aliyekusudiwa na mkopo, lakini Bodi haiji kijijini kuona hali ya nyumbani kwao. Inapima uhitaji kwa karatasi zilizopandishwa kwenye OLAMS, mfumo wa Bodi wa kuomba mkopo mtandaoni. Umaskini usio na karatasi hauhesabiki, na wengi wanaokosa hukosea hapo.

Anzeni na kifo cha baba, leo. Ndicho kitu kinachochukua muda mrefu kuliko vyote, na hakisubiri dirisha kufunguliwa. Kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30, mkipitisha hapo mnaingia kwenye usajili uliochelewa, ambao unawezekana kabisa. Mama aende kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, apewe barua inayothibitisha kifo, tarehe na mahali. Aambatanishe kibali cha mazishi kama kilitolewa, na kitambulisho chochote cha marehemu, hata kadi ya mpiga kura. Vyote vipelekwe ofisi ya mkuu wa wilaya, maana usajili wa wilaya wa RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) hufanyika hapo. Watawaambia kama kuna cha kuongeza.

Hapo kuna mtego mmoja. Jina la baba kwenye cheti cha kifo liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa cha kijana. Watu huenda na jina ambalo marehemu aliitwa mtaani, halafu anayepitia maombi anaona baba wawili tofauti. Kwa kuwa cheti bado hakijatolewa, mna nafasi ya kukiweka sawa tangu mwanzo.

Msishawishike kumjaza baba kama yuko hai ili kuokoa muda. Kwanza ni taarifa ya uongo kwenye fomu inayoapiwa. Pili, fomu itadai kazi yake na taarifa zake, na kijana ataonekana ana wazazi wawili wenye nguvu za kufanya kazi.

Cheti cha kifo kikitoka, kiende pamoja na cheti cha kuzaliwa kwenye uhakiki wa RITA kwa njia ya mtandao (erita.rita.go.tz). Unafungua akaunti, unapandisha nakala, unalipia kwa namba ya malipo, kisha unasubiri majibu. Kuwa na cheti na kuwa na cheti kilichohakikiwa ni vitu viwili, Bodi inataka cha pili. Wiki za mwisho RITA hufurika, kwa hiyo anayehakiki mapema analala usingizi. Kama kijana atakwenda kambi ya JKT, yote haya yaishe kabla hajaondoka.

Shule binafsi: ndiyo, itamponza asipoeleza nani alilipa. Aliyesoma shule ya ada kubwa anahesabiwa kuwa nyumbani kuna uwezo, isipokuwa awe na uthibitisho wa ufadhili. Kuna fomu ya ufadhili kwa ajili hiyo. Taasisi iijaze, iweke sahihi na muhuri, ioneshe ilimlipia miaka ipi na shule ipi. Barua ya mwalimu mkuu inayosema "alikuwa mwanafunzi mwenye shida" haitoshi, anayetakiwa kusema ni aliyelipa.

Kuhusu TASAF, mama asiende na maneno tu. Itakiwe namba ya kaya, na muulize kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri kama jina la kijana limo kwenye orodha ya wanakaya. Kijana aliyekaa bweni miaka sita anaweza kuwa hayumo, na hapo namba ya mama haimsaidii.

Kiapo na Muhuri

Nimjazie Dawati kwenye majina na fomu.

Tofauti ya Ramadhani na Ramadhan ni ndogo, lakini mshughulikie. Vyeti vya NECTA ndivyo vinavyomfungulia mlango wa chuo na wa mkopo, kwa hiyo jina la kufuata ni la NECTA. Kwa tofauti ya herufi, nenda kwa wakili au hakimu, apate kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Ingekuwa jina zima limebadilika, mfano la ukoo kuwa la babu, kiapo peke yake ni chepesi. Hapo ni hati ya kubadili jina, au marekebisho ya cheti RITA. Akaunti ya benki nayo ifunguliwe kwa jina la NECTA.

Namba ya mtihani ya kidato cha nne anayoingizia OLAMS lazima iwe ile ile anayoombea chuo. Aliyerudia mtihani ana namba zaidi ya moja, aziandike zote, lakini namba kuu isitofautiane baina ya chuo na Bodi. Zikitofautiana, udahili wake hauonekani upande wa mkopo, naye anakaa anasubiri awamu moja baada ya nyingine bila kujua kwa nini.

Ada ya maombi ni shilingi 30,000, hairudishwi. Inalipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo, benki au kwenye simu. Anayekupa namba yake binafsi ya simu ili "akusukumie faili" ni tapeli, awe na kitambulisho au asiwe nacho.

Fomu ikishajazwa inachapishwa, na hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Inataka sahihi ya mwombaji, ya mdhamini, ya serikali ya mtaa au kijiji, na ya kamishna wa viapo, yaani wakili au hakimu. Mdhamini anaweza kuwa mama mwenyewe. Awe na picha na kitambulisho kinachotambulika: NIDA, mpiga kura, leseni au pasipoti. Mama asiyejua kuandika aweke dole gumba, ila mbele ya kamishna, si nyumbani.

Mihuri ionekane. Muhuri wa kijiji uliokauka wino ukipigwa picha kwa simu kwenye kivuli hutoka kama doa, na kiambatisho hicho hakikubaliki. Pelekeni stationery wa-scan ukurasa mzima, bila kukata kingo. Kisha hakikisheni maombi yametumwa hadi mwisho. Wapo wanaopandisha kila kitu na kuishia hapo, wakidhani kazi imekwisha.

Mjomba wa Nzega

Ahsanteni sana. Swali moja la nyongeza: kifo kilitokea wilaya nyingine, si hapa Nzega. Tusajili wapi? Na je, hatuwezi kuomba bila cheti cha kifo halafu tukate rufaa baadaye?

Dawati la Pili

Kawaida ni wilaya ambako kifo kilitokea, na barua ya mtendaji iwe ya kijiji kile kile. Mtendaji wa Nzega hawezi kuthibitisha asichokiona.

Kuhusu rufaa: dirisha la rufaa ni kwa aliyeomba kwa wakati akakosa, au akapata kidogo, na sasa ana ushahidi. Asiyeomba kabisa hana cha kukatia. Kwa hiyo kama cheti kitachelewa, ombeni kwa vilivyopo, bila uongo, kisha mkipeleke Bodi inapotoa nafasi ya kurekebisha viambatisho, au kwenye rufaa. Lakini msiupange huo kuwa mpango wa kwanza. Fedha nyingi hupangwa awamu za mwanzo, wakati wa rufaa kinachogawiwa ni kilichobaki.

Akague akaunti yake ya OLAMS mara kwa mara baada ya kutuma. Taarifa ya kasoro inakuja humo na ina siku zake. Mtu anayesubiri kupigiwa simu hukuta dirisha la marekebisho limeshafungwa.

Bi Mkubwa Chake

Kwa wasomaji wa Visiwani: aliyezaliwa Zanzibar hahakiki RITA, anahakiki kwa wakala wa usajili wa matukio ya kijamii wa Zanzibar (ZCSRA). Na Zanzibar ina bodi yake ya mikopo ya elimu ya juu. Usichukue sehemu mbili kwa masomo yale yale.

Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, kuna fomu yake, inathibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Cheti cha zahanati hakitoshi.

Hesabu za Bumu

Nijibu lile la mkopo nusu, maana ndilo linalowarudisha watoto nyumbani baada ya kupata nafasi.

Mkopo si fungu moja. Una vipengele: chakula na malazi (hilo ndilo bumu), vitabu na viandikwa, ada, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, na utafiti kwa kozi zenye nao. Chakula na malazi kiwango kamili ni shilingi 10,000 kwa siku, kwa hiyo bumu la siku 60 ni 600,000. Vitabu na viandikwa ni 200,000 kwa mwaka. Ada inakwenda chuoni moja kwa moja, mwanafunzi haishiki.

Aliyepata sehemu tu, pengo mara nyingi huwa kwenye ada. Tuseme ada ya kozi ni 1,300,000 na Bodi imeweka 700,000. Kaya inadaiwa 600,000, na vyuo vingi hugawa kwa mihula, yaani 300,000 kabla ya kusajiliwa muhula wa kwanza. Ongeza michango ambayo mkopo haugusi: usajili, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, bima ya afya. Tafuteni muundo wa ada wa chuo husika sasa hivi, uko kwenye tovuti zao, mjue kiasi cha kutafuta kabla ya Oktoba.

Kwa nini nasisitiza kusajiliwa? Kwa sababu asiyesajiliwa chuoni hapati bumu, hata kama jina lake limo kwenye orodha ya waliopangiwa. Huo ndio mduara mbaya: anasubiri bumu ili alipe ada, wakati bumu linasubiri asajiliwe. Aende kwa afisa mikopo wa chuo siku za kwanza kabisa, aombe kulipa kwa awamu kwa maandishi. Vyuo vingi vinakubali kwa mwenye mkopo wa Bodi, lakini si kwa anayenyamaza.

Akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, athibitishe kimoja ndani ya siku zilizowekwa. Bodi inapanga mkopo kwa udahili uliothibitishwa. Kiasi alichopangiwa atakiona kwenye akaunti yake ya SIPA (akaunti binafsi ya mwanafunzi kwenye mfumo wa Bodi), kila kipengele na shilingi zake. Auchapishe ukurasa huo aende nao chuo.

Kila bumu likija lazima asaini kwenye mfumo wa malipo. Asiposaini kwa wakati fedha inarudi Bodi, na kuifuatilia tena ni kazi. Akirudia mwaka, mwaka huo wa kurudia Bodi hailipi. Akiugua na kutaka kuahirisha, aahirishe rasmi kwa barua ya chuo ili mkopo usimamishwe na uendelee akirudi. Anayeondoka kimya kimya huhesabiwa ameacha masomo, na deni linaanza kumtafuta.

Kuhusu deni lenyewe, mama asitishwe na maneno ya mitaani. Ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ya fedha iliondolewa mwaka 2021, pamoja na adhabu ya 10% ya kuchelewa. Imebaki ada ya uendeshaji ya 1%. Marejesho yanaanza miezi 24 baada ya kumaliza. Akiajiriwa anakatwa 15% ya mshahara wa msingi, hivyo mwenye 800,000 anakatwa 120,000. Mwajiri ndiye anayekata na kupeleka, lakini kijana ahakiki mwenyewe taarifa yake ya deni, maana makato yanaweza kuonekana kwenye hati ya mshahara na yasionekane Bodi.

Kiapo na Muhuri

Mkuu wa Nzega, kesho nendeni kwa mtendaji wa kijiji alikofia baba, mkiwa na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha kijana mkononi ili jina la baba linakiliwe kutoka pale. Barua ikitoka, isomeni hapo hapo ofisini kabla ya muhuri kugongwa.