Kiki (ngoma nzito ya chini) na besi zinagombana, ila kila moja peke yake iko sawa. Naomba ushauri

MpigaSinthi
Wakuu, salaam. Nina biti ya house, kasi ya mapigo 124 kwa dakika, ufunguo wa F maina. Juu kote kumetulia, shida iko chini. Kiki peke yake inagonga vizuri, besi peke yake imejaa, ila nikiziwasha pamoja kiki inamezwa, na limita ya masta (kizuizi cha sauti ya wimbo mzima) inaishusha sauti mpaka desibeli 5 kila pigo linapoingia.

Besi ni wimbi la saini (sauti safi, bila milio ya juu), inacheza F ya chini (kama 44 Hz, yaani mitetemo 44 kwa sekunde), A bemoli na C. Kiki ni ya mtindo wa 909 (mashine ya ngoma), mkia wake (mlio unaobaki baada ya pigo) mrefu na unaishia kwenye 50 Hz hivi. Nilipandisha 60 Hz kwenye kiki, haikusaidia. Nikaweka saidicheni, inayoshusha besi desibeli 10 kila kiki inapogonga, kiki ikatoka lakini besi ikawa inakatika na mwendo wa wimbo ukafa.

Kuna kitu kingine kinanisumbua: kwenye spika noti ya F ni nyembamba kuliko C, ila kwenye hedifoni iko vizuri tu. Kwenye gari kiki haisikiki, kwenye simu besi haipo kabisa.

Nani akae chini kabisa kati ya hizi mbili? Na je, ni lazima kutuni kiki (kurekebisha noti yake) iendane na ufunguo?

FundiMawimbi
Mkuu, zima saidicheni kwanza na uondoe hiyo 60 Hz uliyoongeza. Tuanzie kwenye urefu wa kiki, kwa sababu naona ndio chanzo.

Kwa kasi ya 124, pigo moja hadi lingine ni milisekunde 484. Kama mkia wa kiki unakula milisekunde 400, besi haina mahali pa kupumulia, na hapo ikwalaiza (kupandisha au kushusha masafa fulani) haitakuokoa. Halafu angalia hizo namba zako: mkia uko 50 Hz, noti ya F iko 44 Hz. Tofauti ni 6, maana yake zikisikika pamoja zinaungana na kufutana mara 6 kwa sekunde. Ndani ya mkia mrefu kama huo zinapishana zaidi ya mara mbili, mara chini panavimba, mara panatoboka. Limita inavuta pale panapovimba, wewe unasikia kiki imelegea pale panapotoboka.

Fupisha mkia ubaki milisekunde 150 hadi 200. Usiukate ghafla, utasikia mlio wa "tik", ushushe taratibu. Ukimaliza, cheza tena bila plagini yoyote kisha utuambie.

Swali la nani akae chini: besi yako inashuka mpaka 44 Hz na inashikilia noti, kwa hiyo hapo chini ni pake. Kiki iachie kishindo cha mwanzo na uzito wa 60 Hz kwenda juu. Wimbo ungekuwa na besi inayocheza juu juu, ningekuambia kinyume chake.

SautiNzito
Naongezea kwa FundiMawimbi. Usiache kuangalia fezi, yaani kama mawimbi yanapanda na kushuka kwa pamoja au yanapingana. Geuza sauti ya kiki na besi kuwa klipi, zipange juu na chini, kisha vuta karibu mpaka uone mawimbi yenyewe. Kwa 50 Hz duara moja la wimbi ni milisekunde 20. Kama kiki inapanda na besi inashuka pale pale mwanzoni, zinafutana, na ukisogeza besi milisekunde 10 tu hali inageuka kabisa. Sauti mbili zilizo sawa zikienda pamoja zinaongezeka desibeli 6, zikipingana zinabaki kimya. Kwa hiyo huo msogeo mdogo si wa kupuuza.

Kabla ya hapo hakikisha sinthi (kinachotoa sauti ya besi) inaanza wimbi mahali pale pale kila noti inapopigwa. Isipokuwa hivyo, kila pigo litakuwa na fezi yake, na kazi yote ya kupanga itakuwa bure. Geuza pia polariti ya besi (pindua wimbi juu chini) usikilize. Unapopata uzito zaidi ndipo pa kubaki.

Kuhusu kutuni kiki, mimi hutuni kila mara.

FundiMawimbi
@SautiNzito hapo kwenye kutuni sikubaliani nawe sana, ndugu yangu. Kiki ya 909 inaanza juu na kuporomoka haraka; noti inayosikika ni ya mkia tu. Akishafupisha mkia, sikio halina muda wa kushika noti. Kiki ya 808 ni jambo jingine, ule mlio mrefu unasikika kama besi kabisa na usipoutuni unachafua wimbo. Kwa kesi yake, atuni kama mkia bado unamsumbua baada ya kuufupisha.

BintiStudio
Kaka, hiyo F inayopotea kwenye spika nina wasiwasi si miksi, ni chumba. Chumba chako kina urefu wa mita ngapi, na unakaa wapi?

MpigaSinthi
Dada, ni mita 4 kasoro kidogo. Meza iko karibu na katikati.

BintiStudio
Basi ndiyo hiyo. Sauti inasafiri mita 343 kwa sekunde; gawanya kwa mara mbili ya urefu wa chumba, yaani 8, unapata 43 Hz. Karibu kabisa na F yako. Wimbi hilo linasimama kati ya kuta mbili: ukutani linajaa, katikati ya chumba halipo. Wewe umekaa pale pale lisipokuwepo. Tafadhali usiongeze F kwa sababu ya hicho unachokisikia, kwingine itavimba. Sogeza kiti na meza kuelekea ukuta wa mbele, na maamuzi ya chini ya 60 Hz yafanye kwa hedifoni.

Ya simu: spika yake ndogo haiwezi kutoa 44 Hz hata ufanyeje. Nakili besi kwenye trak mbili, ya chini ibaki na chini ya 120 Hz tu, ya juu ibaki na juu ya 120 Hz tu. Ya chini iache safi. Ya juu itie sachureshoni (ukwaruzaji mdogo wa sauti) kabla ya kukata chini ya 120 Hz, maana wimbi la saini halina kitu huko juu, mpaka hamoniki (milio ya juu inayozaliwa na noti) za 131, 175 na 218 Hz zisikike, ubongo utajaza noti ya chini wenyewe. Na hapo tatizo lako la saidicheni linapata dawa: iweke kwenye trak ya chini tu, ishushe desibeli 3 hadi 6, ataki (kuanza kushuka) ya haraka, rilizi (kurudi juu) iishe pamoja na mkia wa kiki. Ya juu inaendelea kucheza, kwa hiyo mwendo haukatiki.

Ya gari: kiki haitambuliki kwa uzito wake, inatambulika kwa kishindo cha mwanzo, kati ya 2,000 na 4,000 Hz. Punguza sauti ya spika mpaka besi ikaribie kupotea. Kama bado unaweza kuhesabu mapigo ya kiki, kwenye gari itasikika.

MpigaSinthi
Nimerudi. Mkia nimefupisha, na kabla hata sijagusa kingine limita ilishuka kutoka desibeli 5 hadi 2. Besi nimeigawa kama dada alivyosema, saidicheni iko chini tu, na ule mwendo umerudi. Kwenye simu sasa besi inafuatika. Polariti nimeigeuza, ikawa nyembamba, nikairudisha. Nawashukuru sana.

Moja la mwisho: trak ya juu nimeitia kora (athari inayozidisha sauti kama ni nyingi) ili ipanuke kushoto na kulia. Ya chini nayo niipanue?

SautiNzito
Ya chini iache mono (sauti ile ile kushoto na kulia). Ukiipanua, sehemu ya kushoto na kulia zitafutana siku wimbo utakapopigwa kwenye spika moja, na mitambo mingi ya klabu inaunganisha besi kuwa mono. Na hiyo ya juu yenye kora isikilize kwa mono kabla hujaitoa; ikipungua sana, punguza kora mpaka noti zote tatu zibaki na nguvu sawa.