Uliwahi kuamka ukakuta gari imebebwa? Tupeane uzoefu wa taito (hati ya umiliki wa gari), kodi na ripo (mdai kuja kuibeba gari usipolipa) huku Marekani

BabaNeema_Dallas
Wakuu salama? Leo alfajiri narudi kutoka shifti nakuta brekidauni inarudi nyuma taa zimezimwa kwenye pakingi ya apatimenti zetu, ikapitisha ile mikono yake chini ya tairi za gari ya jirani, dakika haijaisha gari imenyanyuliwa imeondoka, dereva hata chini hakukanyaga. Nikabaki nimesimama na hotipoti yangu mkononi magoti yanagongana. Sio gari yangu, lakini 2019 ilikuwa yangu.

Kazini walinikata masaa nikachelewa kulipa mkopo wa gari miezi miwili. Nikawapigia simu wadai kuwabembeleza, dada wa huko akasema sawa lipa Ijumaa, hakuna alipoandika. Jumatano usiku gari haipo. Mimi mshamba nikapiga 911 nimeibiwa nimeibiwa, polisi akataka namba ya pleti, akanyamaza kidogo, akaniambia bwana hiyo haijaibiwa, imechukuliwa na anayekudai. Wife kasimama mlangoni na khanga anauliza wanasemaje, nashindwa kumjibu. Ndani mlikuwa na kiti cha mtoto, viatu vya kazi na bahasha yenye kibali changu cha kazi nilichokuwa nakwenda kukitoa kopi. Siku tatu naitafuta hiyo yadi nje ya mji kwa lifti za watu. Vitu vyangu walinirudishia, hiyo ni haki yako, viatu havikuwa kwenye mkopo. Gari ndio ikaenda mnadani. Nilikuwa nadaiwa dola 13,400, ikauzwa 6,800, wakaongeza hela ya kuvuta na ya kuilaza yadi na ya mnada, nikaletewa karatasi nilipe zaidi ya elfu saba. Gari sina, deni ninalo. Na kabla ya mnada walituma barua kwamba naweza kulipa lote nikaikomboa, barua yenyewe niliiweka juu ya friji sijaifungua nikijua ni matangazo. Nani mwingine yamemkuta?

MamaTwins
Hiyo ya 911 na mimi. Aibu yake naijua.

Mzee wa Minneapolis
Vijana mnaendesha magari hamna taito. Mimi RAV4 bado nailipia lakini taito iko kabatini kwangu, chini ya suti.

BabaNeema_Dallas
Mzee heshima yako ila hiyo haipo. Taito anakaa nayo mdai mpaka umalize senti ya mwisho.

Mzee wa Minneapolis
Nikupigie picha?

Binti_Silver_Spring
Jamani kila jimbo na lake. Minnesota, New York na huku kwetu Maryland taito anapewa mwenye gari hata kama anadaiwa, ila jina la mdai linaandikwa humo humo. Texas anashika mdai, na siku hizi nyingi zinabaki kwenye kompyuta tu, karatasi hata haichapwi. Lakini Mzee wetu, hiyo ya chini ya suti haizuii brekidauni. Usipolipa wanakuja vilevile.

Mzee wa Minneapolis
Mimi nalipa.

Chogo_Atlanta
Mimi kilichoniponza ni Kiswahili. Nimenunua Camry kwa mtu binafsi, kesh, taito akasema inakuja kwa posta, nikamuamini maana tunasali naye. Nimeenda kaunti kuhamisha jina, mama wa dirishani anacheki kompyuta ananiambia kuna lien. Mimi nasikia lini. Nikamjibu leo. Akarudia, lien. Nikamwambia leo mama, leo hii hii. Foleni yote inanitazama. Kumbe lien ni deni lililoandikwa juu ya gari, yule ndugu katika Bwana alikuwa ameiweka gari rehani kwa hawa wa mikopo ya taito, kwa hiyo anayemdai yeye anaweza kuja kuibeba kwangu mimi niliyelipa kesh. Jamaa simu haipatikani mpaka leo na kanisa amehama.

MamaTwins
😂😂😂 leo hii hii

Mwanamvita
Wueh! Aki pole lakini nimecheka. Huku Kenya gari ya mkopo logbuku inabeba majina mawili, lako na la benki, mnunuzi akitazama tu anajua.

Kibo_Dar
Na Bongo ukienda kwa wakopeshaji wa mtaani unaacha kadi ya gari, wengine wanataka na gari yenyewe ilale kwao. Nilidhani Marekani mmeendelea.

Chogo_Atlanta
Kibo usianze.

MtuWaUvira
Bandugu mie niko Columbus. Tulinunua motoka ya kupeleka Bujumbura, kule usukani wa kushoto unakwenda vizuri kama huku. Sasa forodha ya Marekani inataka taito yenyewe, sio kopi ya kawaida, masaa 72 mbele ya motoka kutoka, na kama iko na hiyo lini ya Chogo, mwenye kudai lazima aandike barua kwamba amekubali iende. Sisi deni hakukuwa. Shida ilikuwa saini, muuzaji alitusainia tu mezani kwake tukinywa chai, na Ohio muuzaji anasaini mbele ya notari. Tunastuka, yeye amekwisha rudi Nairobi. Tukatuma makaratasi, akaenda ubalozi wa Marekani, muhuri mmoja dola 50, yakarudi. Yaani taito ilifika Afrika mbele ya motoka.

Dada_Richmond
Mbona kodi hamsemi? Nimehama Texas ambako ukinunua unalipa asilimia 6.25 basi, baada ya hapo ni stika ya usajili tu. Nikaja Virginia nikaona asilimia 4.15 nikasema Mungu mkubwa. Mwaka haujaisha jiji likaniletea bili ya gari. Eti kila mwaka unalipia kodi kwa thamani yake, kama vile ni nyumba. Nilidhani ni matapeli nikaitupa.

Chogo_Atlanta
Georgia ni asilimia 7 mara moja ukiandikisha taito, hawakusumbui tena kila mwaka. Ila hiyo mara moja utaisikia mfukoni.

Kaka_Mjanja
Kasajilini Montana, hakuna kodi ya mauzo kule.

Dada_Richmond
Wewe unaishi Montana?

Kaka_Mjanja
Naishi hapa hapa na ushauri wangu.

Shem_wa_Houston
Subirini kwanza. Gari ya shemeji yangu ilibebwa na yeye amelala ndani.

Kiti cha nyuma, kajifunika blanketi gubigubi, vioo vya giza. Brekidauni ikanyanyua ikaondoka. Anashtuka anaona nguzo za taa zinakwenda kinyume maana gari inavutwa kinyumenyume. Akanipigia simu, saa tisa usiku, anaongea kwa kunong'ona, "Shem, gari inatembea na mimi siendeshi." Mimi nikajua kalogwa. Nikamwambia soma Ayatul Kursiy, akasema ameshasoma mara mbili bado inatembea. Walipofika kwenye taa nyekundu akaanza kupiga kioo anapiga kelele, dereva wa brekidauni karuka nje kakimbia kabla hajajua ni nini. Polisi walipofika gari ikashushwa pale pale.

Mwanamvita
Manze 😂😂😂 siendeshi

MamaTwins
Swali. Kwa nini mume wa mtu analala kwenye gari?

Shem_wa_Houston
Alifungiwa mlango.

MamaTwins
Na alirudi saa ngapi?

Shem_wa_Houston
Hiyo sio mada.

Kibo_Dar
Mwanamke akilipa rent Marekani basi baba analala garini, ndio mnachotaka.

MamaTwins
Kibo wewe una gari?

Binti_Silver_Spring
Turudi kwenye gari. Karibu majimbo yote wanaruhusiwa kubeba bila kwenda mahakamani, sharti wasivunje amani. Ukiwahi ukasimama ukakataa kwa mdomo wanatakiwa waondoke, na mlango wa gereji uliofungwa hawaruhusiwi kuufungua. Polisi sio kazi yake kuwasaidia bila amri ya mahakama. Wisconsin afadhali, kule wanakutumia notisi kwanza, una siku 15 za kudai kesi ianzie mahakamani.

Kaka_Mjanja
Rahisi, ificheni kwa rafiki.

Dada_Richmond
Magari ya zile yadi za nunua hapa lipia hapa, ambako muuzaji ndiye anayekukopesha, mengi yana GPS, utamponza na rafiki. Bora urudishe mwenyewe kwa heshima.

BabaNeema_Dallas
Heshima hailipi dada. Ukirudisha mwenyewe umeokoa hela ya brekidauni tu, wanauza mnadani kwa bei yao na linalobaki wanakudai vilevile. Ikiuzwa zaidi ya deni ziada ni yako, ila mimi sijawahi kukutana na mtu aliyepewa.

Mzee wa Minneapolis
Nunueni gari ya kesh ya dola elfu nne muache fahari.

Chogo_Atlanta
Mzee, mimi nilinunua kesh.

MamaTwins
Shem wa Houston umetukimbia. Gari ilipona?

Shem_wa_Houston
Wiki mbili baadaye walirudi wakaichukua, mchana, yuko kazini. Amepata nyingine. Hii anailaza gereji kwangu, mlango umefungwa na kufuli mbili, ufunguo ninao mimi.

MamaTwins
Na yeye analala wapi?

Shem_wa_Houston
Kwenye kochi langu.