Tupeane uzoefu: Uliyepata (au kukosa) nafasi kwa uwezo wako huku Kusini, njia ilikuwaje?

Mwalimu wa Newala (mleta mada)

Wakuu, habari za mchana. Jambo hili liko moyoni mwangu tangu usaili wa walimu wa mwaka 2025. Zamani mwalimu akihitimu alisubiri kupangiwa kituo. Sasa anafanya mtihani wa kuandika, kisha mahojiano. Wapo wanaoona huo ni uonevu, kwa kuwa mtu alishafaulu chuoni. Mimi niko upande wa mtihani. Mtoto wa mkulima wa korosho hana mjomba wizarani, na karatasi yenye namba badala ya jina ni mojawapo ya sehemu chache anapokaa sawa na mtoto wa mkubwa.

Ila nafundisha sekondari ya kata, na naona mashindano yanavyoanza mapema. Mtoto kasoma miaka saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anakuta fizikia ni kwa Kiingereza, na dawati la jirani yuko mwenzake aliyetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza. Wanaotoka vijiji vya mbali wanapanga geto, yaani chumba cha kujitegemea, karibu na shule. Wanajipikia, na kodi ikikwama wanarudi kwao. Baada ya miaka minne wote wanapewa maswali yaleyale, halafu daraja linalotoka tunaliita uwezo wa mtoto.

Tazameni pia shule za serikali za vipaji maalum: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana. Hakuna iliyo Lindi wala Mtwara. Mtoto wetu akifaulu sana lazima aondoke, na kuondoka ni nauli, godoro na sare kabla hata hajafungua daftari.

Najua kuna atakayesema mbona Mkapa. Ni kweli, alizaliwa Masasi mwaka 1938, akapita Ndanda na Pugu, akafika Makerere, na mwaka 1995 akawa Rais. Kipaji alikuwa nacho. Lakini pale Ndanda shule ya wamisionari ilikuwepo, karibu na kwao. Mimi nawawazia waliokuwa na kichwa kama chake katika vijiji ambavyo havikuwa na shule.

Tupeane uzoefu. Tusitaje majina ya watu wala ofisi.

Fundi wa Madimba

Mwalimu, shikamoo.

Wakati bomba la gesi linajengwa, kijijini tuliamini kila kijana ataingia. Tulioingia tulifyeka, tukachimba mitaro, tukalinda usiku. Nafasi za ufundi zilidai uzoefu wa miaka kadhaa kwenye kazi kama ile, na sisi tungeifanyia wapi kabla? Niliacha ulinzi nikaenda VETA, chuo cha ufundi cha serikali, kusoma uchomeleaji.

Baadaye kampuni moja ikaita mtihani wa vitendo. Vyeti walivitaka mwishoni. Kila mmoja alipewa vipande viwili vya bomba aviunge kwa mkao unaoitwa 6G. Bomba linainamishwa nyuzi 45 na huruhusiwi kuligeuza, ni wewe unalizunguka na mkono wako. Ukimaliza unagonga namba yako kwenye chuma. Kisha kiungo kinapigwa eksirei kuona kama ndani kuna vipovu au mahali chuma hakikushikana. Eksirei haiulizi wewe ni wa Madimba au wa Mbeya. Tulifaulu wachache, nami nikiwemo. Mmoja alikuja na kimemo cha mkubwa, kiungo chake kikatoka na vipovu, akaaga akaondoka.

Lakini jamani, nilifaulu kwa sababu chuoni nilipata vyuma vya kuharibu. Uchomeleaji unajifunza kwa kuchoma na kukosea, na kila ukikosea umemaliza vijiti vya kuchomelea vya watu. Kijana wa kijijini asiyewahi kushika mashine hata mwenyewe hajui kama ana mkono. Wangapi wako hivyo?

Wa Liwale

Mimi nilikosa usaili kwa barabara tu. Masika, basi limenasa kwenye tope usiku kucha. Jina langu liliitwa, mimi niko njiani. Sina la kuongeza.

Dada wa Nachingwea

Naandika kwa niaba ya dada yangu, yeye hapendi kuisimulia. Alifaulu kidato cha nne vizuri. Baba alikuwa mgonjwa, ada ya chuo hakuna, akabaki nyumbani na jembe. Ndugu mmoja wa ukoo akaomba cheti "akakitolee nakala" ili amtafutie nafasi. Hakikurudi. Miaka ikapita, mtu mwingine akasoma uuguzi na kuajiriwa kwa jina la dada yangu.

Tulijua mwaka 2017, ule uhakiki wa vyeti ulipowatoa kazini watumishi 9,932. Huyo aliyetumia jina la dada yangu naye alikumbwa. Watu wengi walimhurumia, wakisema alikuwa muuguzi hodari, mwenye mkono mwepesi na lugha nzuri kwa wazazi. Inawezekana kabisa, sibishi. Kuna wagonjwa waliomlilia. Ila kila nikisikia sifa zake namwona dada yangu shambani. Kazi ilirudi serikalini, na yeye hakurudishiwa chochote, umri wa kusoma ulishampita. Mkisema mwenye uwezo apewe nafasi, naomba mkumbuke kuna watu ambao uwezo wao ulichukuliwa na kutumiwa na wengine.

Mstaafu wa Utumishi

Poleni sana, dada. Mwambie dada yako tumemsikia.

Nimekaa kwenye kamati za usaili za halmashauri miaka mingi. Vimemo vipo, nisiwafiche. Safari moja tulikuwa na nafasi za watendaji wa vijiji, tukakubaliana: namba tu kwenye karatasi, kila karatasi isahihishwe na watu wawili, na matokeo yabandikwe ukutani kabla watu hawajaondoka. Kubandika ndiko kulikosaidia kuliko yote. Simu za wakubwa hupigwa usiku, na ikifika usiku alama zilishasomwa na kila mtu.

Kwenye mahojiano ndipo tulipopata shida. Binti mmoja kutoka Tandahimba aliongoza mtihani wa kuandika. Mbele yetu akakaa ameinamisha macho, anajibu kwa sauti ndogo, kama alivyolelewa kukaa mbele ya watu wazima. Wenzangu wakaanza kumwandikia alama za chini kwenye "kujiamini". Kijana wa mjini, aliyeshindwa naye kwa mbali kwenye maandishi, alikuwa ametuchangamsha kwa Kiingereza chake. Nikaomba niulize swali moja: kaka wawili wanagombea mpaka wa mikorosho ya marehemu baba yao, na msimu wa kuokota umeanza, utafanya nini? Binti akainua uso. Akatueleza ataanza na wazee waliokuwepo mikorosho inapandwa, korosho zitapimwa kwenye chama cha ushirika kwa jina la nani wakati shauri linaendelea, na mjane atakula nini katika muda huo. Kazi alipata. Sasa nawaza, nisingeuliza?

Kijana wa Mikindani

Mimi nataka asilimia maalum kwa wazawa, iwe gesi, saruji au bandari. Tukisubiri tulingane tutazeeka.

Fundi wa Madimba

Mdogo wangu, hasira yako naijua, nilikuwa nayo mwaka 2013, wakati wa maandamano ya gesi Mtwara, kama wengine. Lakini pale kiwandani sitaki mtu aangalie kiungo changu aseme "huyu kawekwa kwa sababu ni wa hapa". Ninachodai ni kingine. Lile tangazo la mtihani wetu lilibandikwa mjini tu, kwa siku chache, nami nililiona kwa kuwa nilikuwa nimekwenda kununua vijiti. Libandikwe Msimbati, Madimba na Ziwani, mwezi mzima kabla. Na VETA ipewe vyuma vya kutosha.

Mwalimu wa Newala (mleta mada)

Wa Liwale, bado upo? Usaili mwingine ukitangazwa andika hapa mapema, tuone nani wa mjini atakupokea siku mbili kabla. Wa Nanyumbu na Kilwa nao waandike.