Waliopita mwaka wa kwanza: pesa ya kuanzia chuo ulitoa wapi? Tupeane uzoefu, Kigoma na Tabora

Mawese Halisi: Wakuu, habari za mchana. Leo nimeingia steshenari moja hapa Mwanga kutoa kopi, nikamkuta mama na kijana wake. Kijana kachaguliwa vyuo viwili, kimoja cha serikali, kingine binafsi. Mama anamuuliza yule dogo wa kompyuta, "Mwanangu, hiyo Bodi ya Mikopo itasema lini?" Dogo hata macho hakunyanyua: "Majina yakitoka, mama." Nikakumbuka 2017 yangu. Unathibitisha chuo kabla hujajua mkopo umepata au umekosa, na siku ya kusajiliwa wanataka risiti. Hapo katikati ulipitaje? Leteni yenu.

Behewa la Tatu: Hapo katikati ndipo nilipokondea.

Mizinga 40: Mwangaluka. Mimi wa Sikonge, 2019. Maombi tulijazia Tabora mjini kwa mjomba, maana kwetu mtandao mpaka upande kichuguu. Namba ya simu tukaweka ya mjomba. Nikachaguliwa vyuo vitatu, na ile namba ya siri ya kuthibitisha ikaenda kwake. Mjomba wakati huo yuko porini na mizinga yake, siku tisa. Amerudi na ndoo nne za asali, anawasha simu, meseji zinaingia kama mvua ya mawe. Siku ya mwisho ilikuwa juzi yake. Nikaomba tena awamu iliyofuata, kwenye kozi zilizobakiza nafasi. Nilitaka uuguzi, leo nafundisha bailojia Uyui. Sijutii. Siku nyingine najuta.

Behewa la Tatu: Asali angalau mlikula?

Mizinga 40: Tuliuza, ikawa nauli.

Binti wa Kibirizi: Sikutaka kuandika, ila huyo mama wa steshenari kanigusa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuvua kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti. Wa Kigoma mnajua ile miezi mitatu ilivyokuwa. Baba ana mtumbwi na mashine moja ya kuusukuma, ndiyo kazi yake tangu sijazaliwa. Ziwa linafunguliwa, tuna madeni dukani, na mimi nimechaguliwa Dodoma. Fomu ya mkopo nilijaza, mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri, cheti cha kuzaliwa kikahakikiwa RITA, wale wa vizazi na vifo, kila kitu.

Majina ya awamu ya kwanza yakatoka, simo. Nikaingia kwenye akaunti yangu usiku mara kumi na tano, simo. Chuo kimebakiza siku sita kufunguliwa. Baba hakusema kitu. Asubuhi nikasikia watu uani, natoka namkuta jamaa anapima mashine yetu kwa macho kama anayenunua mbuzi. Baba akaiuza milioni moja na laki tisa. Akanihesabia laki nane ya nusu ada, nauli na pesa ya chumba, zilizobaki akapeleka dukani. Mama alikuwa anachambua dagaa, hakugeuka.

Nikapanda treni. Nimemaliza wiki mbili chuoni, awamu nyingine ikatoka. Nimepata: ada yote, chakula na malazi, vitabu. Yote. Nikakaa kwenye ngazi za hosteli nikalia mpaka mlinzi akaja kuniuliza nani kafa.

Nikampigia baba. Akacheka, akasema, "Basi Mungu mkubwa, soma." Siku hiyo alikuwa ametoka kuvua kwenye mtumbwi wa yule yule aliyenunua mashine. Kibarua.

Mama Pacha wa Kasulu: Mwanangu, umeniliza hapa kazini mbele za watu.

Tumbaku Mbichi: Pole dada. Ila mzee alikosea. Angesubiri. Hata ikipita wiki mbili chuo hakifukuzi mtu, unaenda ofisi ya wanafunzi unaandika barua.

Binti wa Kibirizi: Wewe ulijuaje kwamba ningepata? Nisingepata je?

Tumbaku Mbichi: Nasema kwa ujumla tu.

Mama Pacha wa Kasulu: Ya jumla kawaambie wanao. Kwetu mtu alisubiri majina akasubiri, mwisho akaahirisha mwaka. Sasa hivi ana genge la nyanya.

Behewa la Tatu: Mashine ilikuwa ngapi? Farasi 15 au 40?

Binti wa Kibirizi: 15.

Behewa la Tatu: Milioni na laki tisa! Mzee kapigwa mchana kweupe.

Mawese Halisi: Jamani uzi wa ada huu, si wa mashine.

Behewa la Tatu: Mkuu, mashine ndiyo ada.

Mhasibu wa Isevya: Niwakumbushe kitu. Mnaongea kama mkopo ni zawadi. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Halafu kuna ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo inayojazia deni kila mwaka.

Mizinga 40: Hiyo 6 ilifutwa 2021, mhasibu. Mimi nalipa, naiona kwenye salio.

Mhasibu wa Isevya: Sawa, ilifutwa. Asilimia 15 ipo.

Mizinga 40: Ipo, na inauma. Ila bila hiyo ningekuwa nyuma ya mjomba na moshi wa nyuki.

Tumbaku Mbichi: Ushauri wangu: usiuze kitu mpaka majina yote yaishe.

Mama Pacha wa Kasulu: Wangu: uza mapema, bei nzuri. Ukiuza umebanwa, mnunuzi anakunusa.

Behewa la Tatu: Wangu: zaliwa Oysterbay, kwa matajiri wa Dar.

Mawese Halisi: Binti wa Kibirizi, swali moja tu. Mashine ilirudi?

Binti wa Kibirizi: Ile laki nane ya ada niliidai chuo, kwa kuwa mkopo ulilipa ada yote. Ilirudi muhula wa pili. Na kwenye bumu, ile pesa ya chakula na malazi, elfu kumi kwa siku, nilikuwa nabana. Mchana nakula, usiku chai na maandazi mawili.

Mama Pacha wa Kasulu: Hapana mwanangu. Hiyo pesa ni ya kula, siyo ya kununulia mashine. Ukianguka darasani nani atamwambia baba yako?

Binti wa Kibirizi: Najua, mama. Nilifika milioni na laki mbili. Yule jamaa anataka mbili na nusu, anasema kaifanyia matengenezo. Baba kaniambia nisimbembeleze, ninunue laptopu. Nimenunua. Ndiyo hii naandikia.

Behewa la Tatu: Huyo jamaa ni wa upande gani wa Kibirizi? Nauliza tu.

Mgeni wa Urambo: Samahani wakubwa, shikamooni. Nimechaguliwa viwili, namba ya siri imeenda kwa shemeji, simu yake haipatikani tangu jana. Mwisho kesho. Nifanyeje?

Mizinga 40: Marahaba. Acha kusoma uzi! Ingia kwenye akaunti uliyoombea udahili ya chuo unachokitaka, uombe namba itumwe tena. Ikigoma, wapigie udahili wa chuo hicho saa mbili asubuhi. Shemeji yuko wapi?

Mgeni wa Urambo: Kaliua, shambani.

Mizinga 40: Panda boda sasa hivi.