H-indeksi inapima nini hasa? Naomba tusaidiane

Msomi_Njaa: Wakuu habari za jioni. Mi mhadhiri msaidizi, nimeomba kupanda daraja nikaambiwa h-indeksi yangu ndogo. Hiyo kitu aliileta mwanafizikia Hirsch 2005, ukiwa nayo 5 maana yake una pepa (makala za utafiti) 5 na kila moja imetajwa na wenzako angalau mara 5. Hesabu naielewa, sasa swali, kipimajoto najua kinapima joto, hiki kinapima nini? Ubora au umaarufu?

Ndugu_Mizani: Pole mkuu. Kutajwa sio kusifiwa. Ile pepa ya Wakefield ya 1998 ya chanjo na usonji, jarida la Lancet waliifuta 2010, imetajwa kibao na wengi walikuwa wanaipinga. Kwenye hesabu tusi na sifa vyote ni moja.

Mama_Fuwele: Cheki na hii. Jarida la Acta Crystallographica A impakti fakta yake (yani wastani wa kutajwa kwa pepa zake za miaka miwili iliyopita) ilikuwa kama 2 hivi, ya 2009 ikaruka karibu 50, ikawapita mpaka jarida kubwa la Nature 😂 Kisa pepa moja tu ya Sheldrick ya 2008 kuhusu SHELX, programu za kompyuta za kuchambua maumbo ya fuwele, kila anayezitumia anaitaja. Ya 2011 ikarudi 2. Yani wengine wote walioandika humo hawakuongeza hata nukta ila kwa miaka miwili wakawa wababe.

Kijana_Mbishi: Mnalalamika tu. Namba zikitoka tunarudi kwenye "huyu mtoto wa nani". Mi bora nionewe na namba.

Ndugu_Mizani: Hapo sikupingi sana aisee. Ila mkulima akishajua pamba inanunuliwa kwa kilo, kuna wa kuimwagia maji na mchanga, na wasomi ndo hivyohivyo, utafiti mmoja unakatwa pepa nne halafu washkaji wanatajana. Higgs mwenyewe, yule wa Nobel ya fizikia ya 2013, alisema kwa mfumo wa sasa asingepata kazi chuoni, pepa zake chache mno.

Msomi_Njaa: Sasa kwenye rufaa niandike nini, mimi sio Higgs 😅

Mama_Fuwele: Peleka pepa zako tatu bora, chini ya kila moja eleza imebadili nini. Na kama wamekutajia impakti fakta, angalia kama chuo chenu kimesaini lile tamko la DORA la San Francisco kuhusu kupima utafiti, linataka mtu asipimwe kwa impakti fakta ya jarida.

Msomi_Njaa: Asante dada. Tatizo mafaili yapo kama 60 na kamati inakaa asubuhi moja, sijui nani atazisoma.