Naomba ushauri: kutunga mtihani wa kemia wa sekondari ya juu

Habari zenu walimu. Natunga mtihani wa kemia fizikia, kemia ya kaboni na kemia isokaboni kwa wanafunzi wa sekondari ya juu. Hesabu za moli wanazimaliza haraka, lakini waulize kwa nini ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi na dimethili etha nyuzi 24 chini ya sifuri, ilhali zote ni C₂H₆O. Kimya! Wamekariri tu.

Nafikiria swali moja la amonia liguse matawi yote: msawazo katika mchakato wa Haber (utengenezaji wa amonia kutoka nitrojeni na hidrojeni), mmenyuko wake na ioni za shaba, kisha amini (misombo ya kaboni inayotokana na amonia). Shida ni kusahihisha. Aliyekosea kipengele cha kwanza asije akakosa na vingine vyote. Nyinyi mnagawaje alama? Au nitenganishe tu maswali?